Ufa wa Kitanda

Duluth, Februari. Theluji imefika usawa wa madirisha,
na sisi tumelala chali dukani na makoti yetu,
viatu juu ya nailoni,
kama samaki wawili kwenye barafu ya muuzaji.

Verlyn ana kiungulia. Daktari kasema:
kichwa juu, la sivyo chakula kitakurudia kooni.
Mimi nina nyonga. Daktari mwingine kasema:
mgongo tambarare, mto chini ya magoti.
Madaktari hawa hawajawahi kulala kitanda kimoja.

Muuzaji, Kowalke, kijana wa tai nyembamba,
anabonyeza rimoti. Godoro moja, pana, zima,
linajikunja kiunoni, na sote wawili tunainuka
polepole, bila kuulizwa,
kama maiti walioitwa majina yao.
"Hili halina mshono," anasema. "Mtalala kama zamani."
Verlyn anashusha pumzi, raha tupu.
Nyonga yangu inapiga yowe.
"Shusha," nasema. Likishuka, yeye anakohoa.

Basi tunahamia cha pili:
magodoro mawili membamba, ubavu kwa ubavu,
kila moja na mota yake, kila mtu na rimoti yake.
Yeye anapanda, mimi nabaki.
Namtazama kutoka chini, tundu za pua na kidevu,
kama jirani wa ghorofani aliyetoka kuanika nguo,
na kati yetu, upana wa vidole viwili,
ufa mweusi unaoshuka hadi sakafuni.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Tumekilalia. Kunguni wake ndiye huyu.

Kiko na cha tatu, anasema kijana:
kimepasuliwa kichwani tu, miguuni ni kimoja.
"Kama suruali," akasema Verlyn,
akageuza kikaratasi cha bei, akakirudisha taratibu.

Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa kwenye kitanda chetu cha kwanza,
cha mjomba wake Orrin, springi zimechoka,
katikati pamezama kama bakuli.
Mlale mmegombana vipi, mpeane migongo vipi,
kufika saa nane za usiku mmeviringika shimoni,
pua kwa pua, na mkosaji hajulikani tena.
Miaka arobaini na mmoja.
Nani angedhani nitalitamani shimo?

Tulinunua mawili. Nyonga haijui mashairi.

Shuka za chini mbili, kwa bei ya nne.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta,
nami nikakunja blanketi la sufu, nikaziba.
Kufika alfajiri lilikuwa limezama.
Wiki ile ufa ukameza penseli yake ya chemshabongo,
soksi yangu, kisha kifaa chake cha kusikia.
Tukapiga magoti, kila mtu upande wake, na tochi,
yeye akiniita kana kwamba niko ng'ambo ya ziwa,
mimi nikimjibu, yeye hasikii,
paka akituangalia toka juu ya mito
kama mwenye nyumba.

Jana usiku, saa tisa, mota yake ikanguruma.
Nikaona kivuli kikiinuka. Kikohozi. Glasi. Kimya.
Nikaipapasa rimoti yangu, nikabonyeza,
nikapanda, nyonga ikinitukana njia nzima,
hadi nilipodhani tumelingana.
Hatukulingana. Alinizidi kiasi cha kidole.

"Uko macho?" akauliza, kwa sauti ya kuamsha mtaa.
Nikavusha mkono juu ya ufa, nikamgusa sikio.
Tupu. Kifaa kiko mezani.
Basi nikamfinya mara mbili, ambayo ni ndiyo,
na tukakaa vile, wima nusu, kama abiria,
hadi gari la kukwangua theluji lilipopita nje
likageuza ukuta wote rangi ya chungwa,
kisha likaurudisha.