Diski Imejaa

Diski imejaa. Imeandika hivyo kwa wekundu
saa nne asubuhi, nyuma ya soko la Tandika,
luku imebaki yuniti tatu, feni inakohoa,
na bosi yuko Chalinze, sauti inakuja vipande vipande:
Futa, Siwema. Futa mbovu zote.
Picha mbovu hailipi pango.

Basi nafuta.

Nafuta waliofumba macho. Hao ndio wengi:
taa ikimulika, mtu husali bila kukusudia.
Nafuta mtoto aliyelia, pamoja na mkono wa mama
ulioingia pembeni na kipande cha muwa.
Nafuta dada wa Buza aliyerudia mara sita
akitafuta uso wa kupeleka chuoni;
wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko yote, nilimwambia, hakusikia.
Nafuta kijana wa bodaboda aliyekaa kitini
akasahau kuvua helmeti. Siku ile nilicheka.
Nacheka tena, nafuta.

Programu haina haraka. Inauliza kama karani wa mahakama:
Una uhakika unataka kufuta picha 38?
Kitendo hiki hakitenguliki.
Ndiyo, nabonyeza. Ndiyo. Ndiyo.
Kufikia saa tano kidole kinajibu peke yake,
mimi nawaza bei ya mchicha.

Halafu folda ya Machi, mwaka juzi.

Shati la kuazima, kola imeizidi shingo vidole viwili.
Mzee Pazi Kidunda, wa Yombo Vituka.
Ilikuwa ya pasipoti; moyo wake ulitakiwa India.
Nikamweleza sheria: masikio yote yaonekane,
mdomo ufungwe, usicheke, baba, uhamiaji hawataki.
Mkewe, Bi Zamoyoni, amesimama nyuma yangu
na mfuko wa vyeti kwapani,
akasema taratibu: Mtazame, utadhani kaiba kuku.

Picha sita zikaharibika hapo hapo.
Katika ya pili macho hayapo, yamezama mashavuni.
Katika ya nne kichwa kimetoka chote kwenye fremu,
imebaki kola, na koo linacheka peke yake.
Ya saba ndiyo akanuna vizuri. Ya saba ikapita.

Na ya saba ndiyo Bi Zamoyoni aliyoifuata
mwezi wa kumi, siku mbili baada ya kutoka eda,
anataka ikuzwe, aitundike sebuleni.
Aliishika chini ya taa, akaigeuza, akaigeuza tena.
Hana nyingine? Huyu mkali simjui.
Foleni ilifika mlangoni. Ilikuwa wiki ya vitambulisho.
Nikamjibu bila kuigeukia kompyuta:
Hakuna, mama. Ni hiyo tu.
Akalipa elfu kumi na tano. Akasema ahsante.

Sita zote zina alama nyekundu ya mkasi.
Niliziwekea mwenyewe.

Natafuta daftari la risiti. Namba yake ipo,
inaishia na sifuri, au ni sita, maji ya mvua yamepita hapo.
Najaribu sifuri: mteja hapatikani.
Najaribu sita: mwanamume wa Tegeta, amekasirika.
Basi nizihamishie kwenye simu yangu. Simu nayo imejaa.
Nafuta chapati zangu za Idi.
Nafuta picha ya risiti ya mkopo niliokwisha kulipa.
Nafuta mimi Koko Bichi, mimi, mimi,
mimi na miwani ya Rehani,
mpaka nafasi ikapatikana.

Bosi anapiga. Umemaliza?
Nimebakiza sita.
Mbovu?
Mbovu kabisa, namwambia. Meno yote nje.