Jagi Lenye Mistari

Kwetu Newala maji hupimwa yakiingia:
ndoo kwa ndoo, shilingi kwa shilingi,
baiskeli ikisukumwa kutoka bondeni
na kijana asiyetaka kuongea.
Mwaka huu nimefundishwa kuyapima yakitoka.

Nesi Dafroza alinipa jagi la plastiki,
lina mistari, namba zake nyekundu,
akanipa na daftari: safu ya saa, safu ya mililita,
na safu ya mwisho, pana, imeandikwa Maelezo.
"Mama Somoe, yeye akiamka, wewe andika.
Usimwongezee, usimpunguzie."

Mume wangu, Ausi Chinemba,
miaka thelathini na miwili alisimama kwenye mizani
ya ghala la chama cha msingi,
akizitaja kilo za korosho za watu kwa sauti ya mnadi.
Sasa anasimama gizani, nyuma ya pazia la uani,
akisubiri mwili wake umpe ruhusa.
Mkojo unakuja kama kibarua anayejua hatalipwa:
unaanza, unakaa, unaomba samahani,
unaanza tena.

Kabla ya hapo tulitia saini kurasa nane,
yeye mgonjwa, mimi shahidi.
Daktari Lihundi alisema vidonge ni vya aina mbili,
rangi moja, umbo moja, chupa zinafanana.
Kimoja kina dawa ya tezi. Kingine ni wanga.
"Nani atapata kipi?"
"Hata mimi sijui. Kompyuta imepiga kura."
Ausi akacheka, mara ya kwanza tangu mfungo:
"Wanga? Mihogo ninayo nyumbani, daktari.
Nimepanda basi hadi Mtwara kuifuata?"

Saa sita na robo. Mililita tisini.
Saa saba na nusu. Sitini.
Saa tisa. Arobaini, na kulia kidogo,
ambako sikukuandika,
kisha nikakuandika, kwenye Maelezo.
Saa kumi na nusu. Mia na kumi. Alhamdulillahi.
Saa kumi na moja na dakika tano,
muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti: ishirini.

Mara tano.

Wiki ya sita aliniambia, uso ukutani:
"Andika mbili. Yule binti amehangaika sana,
tusimvunje moyo."
Kalamu ikasimama.
Nilikumbuka gunia la baba yangu, msimu ule wa bei nzuri,
lilitoka nyumbani na kilo themanini na mbili
likafika kwa Ausi na sabini na tisa.
Mizani haina ndugu, alisema,
nasi wakati huo tulishachumbiana.
Miaka ishirini na tisa sijalitaja gunia lile.

Nikaandika tano.
Nikamwonyesha: tano.
Akalitazama daftari, akalitazama,
akasema, "Baba mkwe angeipenda mizani yako."
Usiku ule jagi alilishika mwenyewe.

Mwezi wa nne: mara tatu.
Analala hadi anakoroma,
nami niko macho na kalamu,
mlinzi aliyekosa mwizi.

Mwisho wakafungua bahasha.
Wanga.
Miezi sita, wanga mtupu.
Daktari alieleza kwa sauti ya chini kwamba hutokea,
kwamba hata hilo ni jibu,
kwamba dawa yenyewe sasa atapewa bila malipo.
Ausi aliuliza swali moja tu:
"Zile mara mbili zilizopungua, nani alizipunguza?"
Dafroza akatazama dirishani.
Daktari akaliandika swali lile. Nilimwona:
alilitia kwenye safu pana.

Daftari wamebaki nalo. Jagi tumeachiwa.
Nimelisugua kwa majivu mara saba,
bado silipimii unga.
Usiku naamka kabla yake.
Saa tisa kasorobo.
Kitanda kinalia upande wake, miguu inatafuta ndara,
na mkono wangu unapapasa juu ya sanduku,
kalamu, kalamu iko wapi.