Nyota Ndogo

Simu ilisema elfu mbili na mia nane.
Niliisoma mara tatu, chini ya mkaratusi
nyuma ya ofisi ya walimu, Butere,
pale pamoja tu ambapo mtandao hushika.
Chumba cha watu wawili, Kisumu, Milimani,
dakika kumi kwa miguu hadi hospitali ya macho.
Picha ya shuka jeupe, taulo limekunjwa likawa bata,
kikombe cha chai kinafuka.

Pembeni mwa bei palikuwa na nyota ndogo
kama inzi aliyetua kwenye karatasi.
Nilidhani ni uchafu wa kioo.
Nikaufuta kwa kidole gumba, nikathibitisha,
nikajiona mwana aliyemudu.

Mapokezini, Rispa (kibao kifuani kilisema hivyo)
aligeuza kompyuta nijionee.
Ada ya huduma, mia nne na hamsini.
Ada ya usafi, mia tatu,
kwa chumba ambacho hatujakikanyaga bado.
Kubadilisha dola, mia mbili na kumi na mbili.
Mimi na dola tumekutana wapi?
Ada ya urahisi, mia tatu thelathini na nane.
Urahisi!
Jumla elfu nne na mia moja.

"Kaka," alisema taratibu,
"sisi hapa tunabakiziwa elfu mbili na mia moja.
Ungetupigia simu ungelipa mbili na nusu,
na chapati juu."
"Na hizi nyingine zinakwenda kwa nani?"
"Kwa wenye mtandao. Sijawahi kuwaona.
Wewe angalau umeniona mimi."
Alisema akitazama kaunta,
kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mvua.

Nikakopa kwa simu ileile.
Mkopo nao ukaja na ada yake.

Mama alikuwa kwenye kochi, kikapu magotini,
uso ukifuata sauti zetu huku na huku.
"Wesonga, wamesema ngapi?"
"Elfu mbili na mia nane, Mama."

Hapo nikamsikia yule inzi
akitua kwenye ulimi wangu.

Maana nilikuwa na nyota zangu tangu Januari.
Nilimwambia bima imelipa jicho lote.
Nilimwambia yule mtamba mwenye baka,
aliyeachwa na marehemu baba,
amepelekwa Khwisero kwa shemeji
ambako majani ni mengi.

Asubuhi chai haikuwamo.
Ilikuwamo kwenye picha.
Mama akapapasa kikapu, akatoa viazi vitamu
vya kuchemsha, bado vina joto la kitambaa,
na chupa ya chai aliyoijaza Rispa jikoni, bure,
bila mtu kumwomba.
"Hoteli," Mama alisema, akimenya kwa vidole,
"hutoza hata moshi."
Nikacheka kupita kiasi.

Siku ya pili walimfungua bandeji.
Muuguzi akamwinulia kadi ya herufi kubwa ukutani.
Mama akaisoma upesi, kwa dharau kidogo,
mwalimu wa chekechea wa miaka thelathini
akiulizwa herufi E.
"Nipeni kitu cha kusoma," akasema.

Mkono wake ukaja kwenye mfuko wa shati langu,
karatasi ilikuwa imechungulia.
Akaielekeza dirishani, akainyoosha mbali,
mkono wote, kidole kikishuka mstari kwa mstari,
sauti ileile iliyonifundisha silabi:
hu-du-ma. U-sa-fi. Do-la. U-ra-hi-si.
Jumla.

Akanyamaza.
Akageuza upande wa nyuma kuangalia kama kuna zaidi.
Upande wa nyuma ulikuwa mweupe.
Akaikunja mara nne, akanirudishia mfukoni,
akanitazama kwa jicho jipya, jekundu, linalotoka machozi ya dawa,
kwa muda ambao sikuwa nimetazamwa hivyo
kwa miaka minne.

"Na yule mtamba, Wesonga," akauliza,
"yeye alikuwa mstari wa ngapi?"