Mstari wa Saba

Jumatatu ya kwanza baada ya Idi,
ghorofani Barani, juu ya duka la mabomba la Badi,
kompyuta kumi na moja ziliamka pamoja
zikakataa kazi.
Leseni imekwisha, zilisema,
kwa Kiitaliano.

Maana programu yetu ilikuwa ya Kiitaliano.
Aliyetupa alikuwa na hoteli, hoteli ikafa,
akafunga virago akatuachia sanduku la diski
na ufunguo wa tarakimu ishirini na tano
niliouandika ukutani kwa penseli.
Miaka tisa nimefundisha Malindi kutengeneza tovuti
kwa kusema *salva*, kwa kusema *annulla*.
Yuko mwanafunzi wangu mmoja Doha;
mkewe anasema hata wali ukishika ukoko
yeye hupiga kelele, *annulla, annulla!*

Kazi yenyewe ilikuwa kuburuta.
Shika sanduku, buruta, achilia.
Picha hapa, kitufe pale,
na chini kwa chini programu ikijiandikia yake,
maneno ambayo hatukuwahi kuomba tuyaone.
Mimi mwalimu sikuwa nimechungulia humo tangu chuoni.
Nayasema haya leo.
Siku ile sikuyasema.

Bei ya mpya niliiona. Ni ya kila mwezi.
Nikaigawa kwa karo ya wanafunzi kumi na wanane,
watano wao hawajalipa tangu Machi,
nikaufunga ukurasa.
Nikachukua ya bure:
uwanja mtupu, kijistari kinapepesa,
basi.

Kahindi akauliza, Mwalimu, vitu viko wapi?
Viko kwenye kibodi, nikajibu,
nikajiona mwongo.

Tukaanza. Lebo hufunguliwa, lebo hufungwa,
na kufunga kunataka kile kistari kilicholala ubavu
ambacho kamusi hukiita mkwaju.
Darasa likaangua kicheko.
Mkwaju wa kunywa au wa kuchapia?
Yote miwili, nikasema:
ukiusahau utakuchapa, ukiukumbuka utakuburudisha.
Nilijivunia mzaha ule dakika kumi nzima.

Kisha nikafungua ukurasa wa mfano,
wangu mwenyewe, niliouandaa hadi saa nane za usiku:
tovuti ya nyumba ya wageni isiyokuwapo.
Kila kitu kikawa kichwa cha habari.
Karibuni, kubwa. Bei ya chumba, kubwa.
Chandarua kipo, kubwa.
Hata nambari ya simu ilinenepa, ikajaza kioo.
Nikatafuta kosa.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa upindo wa leso, nikatafuta.
Feni ilisikika.

Thuweba Shekuwe,
ambaye hajawahi kuburuta sanduku likanyooka,
ambaye nilimwandikia kwenye ripoti *ajitahidi*,
akaja akasimama nyuma yangu,
kidole hewani, midomo ikihesabu.
Mstari wa saba, mwalimu. Umepungua.
Umepungua nini?
Umefungua, hukufunga.

Nikaweka mkwaju.
Maneno yakanywea, kila moja likarudi kimo chake.

Umejuaje?
Akainama. Mjomba wake hutunga mashairi ya harusi;
yeye ndiye humhesabia mizani tangu darasa la tatu,
shilingi tano kwa kila mstari uliopungua,
na mjomba hupunguza makusudi,
mwishoni mwa mwezi, apate kumpa.

Sikumwambia kitu cha maana.
Nilisema, haya, kaeni, tuendelee.

Siku hizi Alhamisi namwachia ubao nusu saa.
Mimi hukaa kwenye kompyuta ya kumi na moja,
ile ambayo herufi A imefutika kwa vidole vya watu,
naandika taratibu, nafunga nilichofungua,
na nikikosea mdomo bado hunitoka, *annulla*,
na hakuna kinachotii.

Ufunguo uko ukutani mpaka leo.
Nimeshika kifutio mara mbili.
Badi anasema fundi wa rangi atakuja mwezi wa pili;
ataamua yeye.