Karani wa Mizani

Msimu ule nilipima tani mia na kumi za korosho
ghala la chama cha msingi, Kitangari,
na sikukosea hata kilo.
Gunia juu, nasoma, naandika,
natoa uzito wa gunia lenyewe,
mkulima ananitazama mdomoni
kama mtu anayesubiri hukumu.
Nyumbani sikuweza kupima kitu.

Somoe alikuwa na miezi minne
aliponiambia chumvi inanuka. Chumvi!
Akala udongo wa kichuguu, akaufunga kwenye pindo la kanga
akidhani sioni.
Akaichukia salfa iliyonikaa nyweleni,
nikalala sebuleni wiki mbili,
shati langu likalala nje, kwenye kamba, na ukungu.

Kliniki walisema: aje na mwenzake.
Nikakaa kwenye benchi, mwanamume peke yangu,
matumbo kumi na saba.
Mmoja akanisogezea nafasi:
"Na wewe, baba, wa miezi mingapi?"
Wakacheka, nikacheka,
njiani kurudi nikawa bado nalitafutia jibu.

Orodha: glavu, uzi, wembe mpya,
mpira wa kutandika, kanga kuukuu zilizofuliwa,
beseni, sabuni ya kipande.
Fedha za mnada zilichelewa, nikanunua kimoja kimoja.
Siku tisa wembe ulikaa peke yake ndani ya beseni.
Nikiamka usiku napita nimegeuza uso.

Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama.
Mjomba Likwachala alikuja, akala, akanawa,
akauliza, "Mtoto wetu anaendeleaje?"
na ile "wetu" ikapita juu ya kichwa changu.
Sikuudhika. Hata mimi ninao, watoto wa dada yangu,
nawanunulia madaftari, nawagombeza kwa haki yote.
Lakini usiku ule niliweka sikio tumboni
nikapigwa teke la taya,
teke lisiloulizia ukoo wa mtu.

Desemba, saa nane usiku, mvua ya kwanza.
Sisi ambao maji tunayanunua kwa ndoo
mvua ikigonga bati miguu inajua yenyewe:
nilikuwa uani natega masufuria, natega madebe,
Somoe akaita kutoka mlangoni, ameshika mwimo,
"Acha hayo. Chukua beseni lile lingine."

Bajaji ya Nangomwa iliteleza kwenye mwinuko.
Nikashuka, nikasukuma,
matope mekundu mpaka magotini,
mama mkwe ndani anasema "Pole pole,"
sijui akimwambia nani kati yetu watatu.

Mlango ukafungwa. Nikabaki na viatu vya Somoe.
Kimoja kilikatika kamba, nikakifunga kwa waya,
nikakifungua, nikakifunga tena.
Sauti ikatoka humo ndani ambayo sikuijua.
Miaka mitano nakula naye sahani moja
na sauti ile hakuwahi kunionyesha.
Mara kimya.
Nimepima vingi. Kimya kile, hapana.

Kisha kilio chembamba, cha hasira,
kama mkulima aliyepunjwa.

Sista Hokororo akafungua: "Baba, ingia."
Mizani yao ni ya kuning'inia,
mtoto wa kike, amezungushiwa kanga, mguu mmoja nje.
"Tatu na nusu robo," akasema, akashika kalamu.
"Umetoa uzito wa kanga?"
Ilinitoka tu.
Sista akanikazia macho.
Kitandani Somoe akacheka, akashika tumbo, akaumia, akacheka tena:
"Mpe asome mwenyewe, la sivyo hatutalala."

Nikasogea. Mshale ulikuwa unatetemeka,
au mtoto anapumua,
au ni mimi.
Nikasoma mara tatu nikapata namba tatu tofauti.
"Andika unavyoona," nikamwambia sista.
Viatu vya Somoe bado nilikuwa navyo kwapani.