Mlango wa Dakota

Kipimo: moja kwa sabini na mbili.
Kopo la maziwa ya unga, gundi ya fundi viatu,
meza yangu Kaloleni, stima zimepotea.

Babu Ombija hakuwahi kuipanda.
Aliitazama kutoka chini, msituni Burma,
ikikwangua vilele vya miti, mlango wazi,
magunia ya mchele yakidondoka
kwa watu wa njaa ya siku nne.
Moja lilimwangukia Nzuki
akiwa bado anashangilia.

Hilo alilisema mara moja tu,
tukitoka kununua nyama soko la Burma,
kisha akanyamaza hadi nyumbani.

Mabawa nimeyapaka rangi. Magurudumu yanazunguka.
Mlango ndio umenishinda:
nikiufunga, kikosi kizima kinalala njaa;
nikiuacha wazi, Nzuki anatazama juu.