Pangaboi la Mzee Kilango

Januari, Gerezani, bati linatoa jasho.
Mzee Kilango kaja na pangaboi bovu
limeviringishwa gazeti, na juu yake kitabu:
"Hela haitoshi, Mwanahawa. Hiki kishike rehani."

Nikasoma huku nangoja umeme urudi.
Kumbe zamani, huko Sumeri, hewa ilikuwa na mwenyewe:
Ninlili, Bibi Upepo.
Mama yake alimkanya, mwanangu, usioge mtoni.
Akaoga.

Bwana Enlili akamwona, na yaliyofuata
kitabu kinayapita harakaharaka,
kama mashangazi wakisimulia mbele ya watoto.
Miungu wakamfukuza bwana, akashuka kuzimu.
Naye Ninlili nyuma yake,
mimba ya Mwezi mwenyewe tumboni,
lango kwa lango, anauliza: amepita hapa?

Nikafunga kitabu.
Wa kwangu alipoondoka sikumfuata hata Mbagala.
Niliuza kabati, nikanunua multimita.

Saa nne usiku umeme ukarudi.
Nikabadilisha kapasita, nikatia grisi,
nikabonyeza swichi. Panga likasita,
likajikokota mzunguko mmoja, wa pili,
kisha upepo ukanishukia shingoni
kama mtu anayeuliza jambo kwa sauti ya chini.

Hajapita hapa, nikamjibu.
Kaa kidogo, upoe.
Mimi Mwanahawa; kati ya Hawa na hewa
ni herufi moja tu, mwenzangu.

Asubuhi mzee kaja na salio, noti zimekunjwa.
Nimemwambia pangaboi tayari.
Kitabu bado.